POSHO ZA SAFARI: MWALIMU ANANGOJA, MHESHIMIWA AMESHALAMBA CHAKE

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu mmoja, karani mstaafu wa serikali, mbele ya vijana wa tawi jijini Dar es Salaam.



Nimeambiwa nizungumzie posho. Najua kijiweni neno hilo likitajwa watu hucheka: "Waache wale, nasi tukifika tutakula." Leo naomba tusicheke.

Kwanza tuelewane. Mtumishi akitumwa kazi nje ya kituo chake, lazima apewe nauli, chakula na mahali pa kulala. Hiyo ni haki yake, si hisani. Ukimtuma mtu Songea bila nauli, umemwibia. Kwa hiyo anayesema posho zote zifutwe, mimi simo. Ugomvi wangu ni huu: nani analipwa kabla ya safari, nani anangojeshwa baada ya safari, na nani analipwa bila safari yoyote.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, jina lake nalihifadhi. Siku moja alikuja mwalimu aliyehamishwa kwa barua ya serikali yenyewe. Alikuwa na mke, watoto na vyombo, na lori alilikodi kwa fedha ya kukopa. Mkononi alishika bahasha yenye risiti zote: za lori, za basi, za gesti. Akaambiwa, "Fungu halijaja, njoo mwezi ujao." Ilikuwa mara yake ya tano kuja. Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana, vocha ya masurufu ya wakubwa wanne waliokuwa wakienda semina ya siku tatu ilipita meza zote ikasainiwa. Faili nililibeba mimi mwenyewe. Mwalimu yuko kwenye benchi ananitazama nikipita nalo. Macho yale sijayasahau.

Ndugu zangu, kuna njia mbili za kumlipa msafiri. Ya kwanza ni risiti: tumia, leta karatasi, urudishiwe ulichotumia. Ya pili ni kiwango: serikali inakadiria siku moja ni shilingi kadhaa, unapewa mkononi, ukilala hotelini au kwa shemeji yako ni shauri lako. Njia hii ya pili ni nyepesi, haina mlolongo wa karatasi. Lakini ndiyo inayozaa ugonjwa. Chenji inabaki mfukoni, hivyo kila siku ya ziada inakuwa faida. Kazi ya siku moja inavutwa hadi siku tatu. Mkutano ambao ungetosha ukumbi wa hapa unapelekwa mkoa wa mbali. Hapo posho imeacha kuwa gharama, imekuwa mshahara wa pili.

Sasa twende Dodoma. Mwaka 2011 posho ya kikao ya mbunge ilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Ongeza 80,000 za kujikimu na 50,000 za usafiri, unapata 330,000 kwa siku, na mshahara uko palepale. Spika wa wakati huo, Anne Makinda, alitetea kwamba maisha ya Dodoma yamepanda. Haya, tukubali. Lakini chakula na malazi vilikwisha kupewa 80,000 zao. Hizo 200,000 zilikuwa za nini? Za kukalia kiti ambacho wapiga kura walimtuma akakikalie! Konda wa daladala halipwi mara ya pili eti kwa sababu alisimama mlangoni.

Na je, maisha yaliwapandia wabunge peke yao? Mwishoni mwa Julai 2012 walimu waligoma wakidai nyongeza. Siku chache tu, Mahakama Kuu ikasema mgomo si halali, wakarudi darasani.

Nami sitawaficha la kwetu. Juni 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliandika barua asilipwe posho ya vikao. Si wapinzani wote waliomfuata. Wako waliolaani posho jukwaani kisha wakasaini daftari. Nyani haoni kundule.

Wenzetu wamefanyaje? Uingereza, Mei 2009, gazeti la Daily Telegraph lilianika madai ya wabunge, mmoja akidai hata kibanda cha bata. Spika Michael Martin akaachia ngazi. David Chaytor, aliyedai pango la uongo, pamoja na la nyumba ya mama yake, alifungwa miezi 18 mwaka 2011. Chombo huru kikaundwa kusimamia malipo hayo na kuyatangaza hadharani. Kenya nako, mwaka 2019 wabunge walijipa shilingi 250,000 za nyumba kila mwezi. Tume ya mishahara ikaenda kortini, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamuru fedha hizo zirudishwe. Kumbe mheshimiwa anaweza kuambiwa rudisha!

Tudai mambo matatu. Moja, malazi yalipwe kwa risiti, kwa waziri kama kwa tarishi. Mbili, hakuna masurufu ya semina kusainiwa wakati madai ya uhamisho ya watumishi wadogo yamelala kabatini. Tatu, kila safari iliyolipwa ibandikwe ubaoni: nani alikwenda, wapi, siku ngapi, kiasi gani.

Nanyi vijana msiseme hayatuhusu. Mtoto anayefundishwa na mwalimu mwenye deni la lori ni mdogo wako. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Nendeni mkasikilize, mkaulize. Na wagombea wetu wenyewe wakija kuomba kura, waulizeni swali hilohilo mbele ya watu.

Yule mwalimu mnataka kujua alilipwa? Mpaka nastaafu, vocha yake sikuiona ikipita mezani kwangu.