JOTO LA KOMPYUTA NA PESA ZA KIKUNDI

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Pioneer, Eldoret)

Mmeniomba nizungumze juu ya kompyuta. Mimi si fundi, kazi yangu ni kukaa na vikundi. Lakini jambo nililoliona katika kikundi kimoja mwaka 2022 lilinifanya nikae na fundi mpaka nikaelewa. Hilo ndilo nitakalowaeleza.

Kikundi hicho kilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba. Si aibu. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kwa kutengeneza kompyuta zilizokwisha kutumika na kuzipeleka mashuleni, na watoto wengi wamejifunzia hizo. Ya kikundi ilikuwa na prosesa ya Intel Core 2 Duo, aina iliyotoka mwaka 2008, mwendo wake gigahatsi 3. Waliitumia kuchapa barua na kuweka hesabu za michango na mikopo.

Baada ya muda ikawa nzito. Kijana mmoja mwanachama, mwenye bidii kweli, akasema, "Hii naweza kuiongezea mbio." Akaingia kwenye mipango ya ndani ya mashine, akaitoa gigahatsi 3 akaipeleka 3.6. Ilipogoma kuwaka, akaongeza na volteji, kutoka 1.25 hadi 1.40. Ikawaka. Watu wakampigia makofi.

Wiki mbili baadaye, siku ya kugawana akiba, mashine ikazima ghafla mweka hazina akiwa anahifadhi hesabu. Ilipowashwa, faili ilifunguka nusu. Mikopo ya watu kumi na mmoja haikuonekana. Jamani, mnajua wenyewe kilichofuata. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama amekula pesa, na kompyuta ni kisingizio tu. Mama wa watu alilia mbele yetu.

Sasa tuulize: mashine ilizima kwa nini?

Prosesa ni kidude kidogo, lakini ile ya kikundi ilitengenezwa kwa kutoa joto la hadi wati 65 ikifanya kazi sana. Joto hilo likikosa njia ya kutoka, prosesa inaungua. Kwa hiyo juu yake huwekwa kipande cha alumini chenye mapezi mengi, na juu ya mapezi kuna feni. Katikati ya prosesa na alumini hupakwa pesti, ile wengine wanaiita grisi nyeupe. Kazi yake ni kuziba mianya midogo ili joto lipite.

Ukiongeza mwendo, joto linaongezeka. Ukiongeza volteji ni mbaya zaidi, kwa sababu joto hupanda kwa volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Fundi alinipigia hesabu ya yule kijana: mwendo uliongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini joto lilikuwa karibu mara moja na nusu. Umeongeza kikombe kimoja cha uji, halafu unachoma kuni nusu mzigo zaidi. Ni faida gani hiyo?

Prosesa nayo ina akili ya kujilinda. Ikipata joto la hatari, inajipunguzia mwendo yenyewe. Likizidi, mashine inazima. Kwa hiyo kijana aliongeza mbio, na mashine ikazipunguza.

Fundi alipofungua kifuniko, tulishangaa. Vumbi lilikuwa limeziba mapezi kama blanketi. Pesti ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Juu ya kasha walikuwa wameweka kitambaa cha kufuma kizuri, kimefunika matundu ya hewa. Yaani mashine ilikuwa nzito tangu mwanzo kwa sababu ya joto. Haikuhitaji mbio, ilihitaji kusafishwa.

Hapa Eldoret tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baridi yetu inasaidia, lakini isitudanganye.

Basi fanyeni hivi:

1. Zimeni mashine, chomoeni waya wa stima, mguse chuma cha kasha kabla ya kugusa vitu vya ndani.

2. Ondoeni vumbi kwa brashi laini ya rangi. Shikeni feni kwa kidole isizunguke. Sanduku la stima lililo ndani msilifungue kamwe. Linaweza kumpiga mtu hata waya ukiwa umechomolewa.

3. Fundi atoe alumini, afute pesti ya zamani kwa spiriti, apake mpya kidogo tu, kama punje ndogo ya mahindi. Bei yake ni shilingi mia chache. Kama alumini imefungwa kwa pini nne, zote ziingie sawasawa.

4. Feni inayolia au kukwama ibadilishwe.

5. Wekeni mashine juu ya meza, si sakafuni, nyuma yake pabaki shubiri moja kutoka ukutani. Kitambaa cha kufuma kiwekwe kwenye kochi.

6. Mkitaka mbio za kweli, ongezeni memori, na mweke diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Mtaona tofauti kubwa kuliko ya kulazimisha prosesa, na joto halitapanda hivyo.

Ile mashine ilirudishwa gigahatsi 3 na volteji yake ya kwanza. Kabla ya kusafishwa ilikuwa inafika nyuzi 90 na zaidi. Baadaye, kwa kazi ileile, haikupita 60.

Na yule mama? Alikuwa na daftari. Kila mkopo aliuandika kwa kalamu na mkopaji akatia sahihi. Tulikaa jioni mbili tukalinganisha, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Walionong'ona walimwomba msamaha. Kijana naye alisimama akakiri, na hatukumfukuza. Leo ndiye anayesafisha mashine kila baada ya miezi mitatu, na hagusi mipango yake bila kuwauliza wenzake.

Wapendwa, mashine ni mali ya wote. Mtu mmoja asiijaribie peke yake, hata kama ana nia njema. Na hesabu zisikae mahali pamoja tu: ziwe kwenye mashine, kwenye flashi, na kwenye daftari.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

- Kompyuta yetu ilifunguliwa na kusafishwa lini mara ya mwisho?
- Ikizima leo, hesabu zetu ziko wapi kwingine?
- Ni nani ana ruhusa ya kubadilisha kitu ndani yake?