Majina ya Wapagazi



Ndugu wapendwa, tukisimama juu ya jabali hapa Irente tunaiona Mazinde na Mombo, na reli ielekeayo Moshi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliwafukuza Wajerumani katika bonde hilo, yakautwaa mji wa Wilhelmstal, ndio Lushoto yetu. Nyuma ya askari walitembea watu waliobeba unga, risasi na majeruhi. Wengi hawakujitolea, walikamatwa. Njaa na maradhi viliwaua kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ile wanakadiriwa kupita 90,000.

Twaenda Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vitenge, wala hatukumbuki kwamba jina lile latokana na kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale. Sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mwezi Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wafu wengine wa vita wamezikwa Tengeru, karibu na Arusha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliishi huko Wapolandi wapatao 5,000, hasa wanawake na watoto, ambao serikali ya Stalin iliwahamisha makwao kwa nguvu. Makaburi yao yana majina, na yanatunzwa hadi leo. Lakini kwao Polandi, chini ya utawala wa kikomunisti, habari ya uhamisho huo haikusemwa hadharani. Hata maofisa waliouawa mwaka 1940 huko Katyn, Moscow iliwasingizia Wajerumani mpaka Aprili 1990.

Ukomunisti ulipoanguka, ndimi zilifunguka. Kuwalilia waliouawa na adui kulikuwa kwepesi. Lakini mwaka 2001 Rais Kwaśniewski alipoomba msamaha kwa ajili ya Wayahudi wa Jedwabne, waliouawa na majirani zao Wapolandi Julai 1941, raia wengi walikasirika.

Nasi je? Waliowakamata wapagazi vijijini hawakuwa wazungu peke yao. Majumbe walitakiwa kutoa vijana, na si vigumu kukisia kama mtoto wa jumbe alikuwamo. Wajukuu wa pande zote mbili huenda wameketi hapa, katika benchi moja.

Kwa hiyo twaomba kila jumuiya ndogondogo iwaulize wazee kabla ya tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Liandikwe jina la mpagazi. Likiwa limepotea, uandikwe ukoo wake, na namna alivyochukuliwa. Aliyemtoa naye aandikwe, bila matusi. Majirani zetu Walutheri na Waislamu waulizwe pia, maana mpagazi hakuulizwa dini yake. Bahasha za sadaka hazihitajiki kwa kazi hii. Daftari litakuwa kwa katekista.