Fyuzi Ikiungua, Tafuteni Shoti

Leo tuzungumze juu ya umeme wa gari. Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa mazao yanatoka shambani kwa pikapu na trekta, na nyingi zimezeeka.

Jioni moja tulipanda pikapu ya viazi kutoka Isongole kwenda Uyole. Ukungu ulikuwa mzito. Mara taa za nyuma zikazimika. Dereva akachomoa fyuzi iliyoungua, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akairudisha. Taa zikawaka! Tukamsifu, eti fundi kweli. Hatukufika mbali, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Mwenzetu mmoja aliruka kabla gari halijasimama, akavunjika mkono. Dereva alifungua boneti akatoa waya wa betri, ndipo moshi ukakoma.

Kosa lilikuwa nini? Fyuzi ina waya mwembamba uliowekwa makusudi ili ukatike wa kwanza. Umeme ukizidi, fyuzi inaungua na nyaya za gari zinapona. Ukiweka karatasi ya fedha, umemfukuza mlinzi. Sasa zitaungua nyaya zenyewe.

Kesho yake tulimtazama fundi. Chombo chake kilikuwa balbu ya voti 12 yenye nyaya mbili, basi. (Malori makubwa mengi yanatumia voti 24, na balbu iwe hivyo hivyo.) Alitoa fyuzi. Akatoa na balbu zote zinazotumia fyuzi ile. Kisha akaunga balbu yake mahali pa fyuzi, akawasha swichi ya taa. Ikawaka sana. Ehe, taa zimetolewa, umeme unakwenda wapi? Kuna waya umechubuka, unagusa bodi. Hiyo ndiyo shoti.

Akaanza kutikisa nyaya polepole, kutoka mbele kwenda nyuma. Alipofika karibu na mlango wa nyuma, balbu ikazimika. Pale pale! Bati lilikuwa limekula ngozi ya waya. Akatoa waya wa betri, akabadilisha kipande kile, akaweka fyuzi mpya ya ampea zile zile.

Lakini taa ikiwaka hafifu na betri ni nzima, mara nyingi hiyo si shoti. Angalieni waya unaofungwa kwenye bodi, huenda una kutu.

Tulipopanda tena pikapu ile, kabla ya kulipa nauli tulimwomba dereva atuonyeshe fyuzi zake za akiba. Alikuwa nazo mbili.