Ngoma za Mwaka wa Shufwa

Hotuba ya Kamati ya Jamii, iliyosomwa Nabuyoga katika ziara ya kuwashukuru wenyeji



Sisi ni wale mliotupokea mwaka 2008, tulipovuka mpaka pale Busia na Malaba na watoto mgongoni. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Baadhi yetu tulitoka Bonde la Ufa, na wengine miteremko ya Mlima Elgon, ambako ugomvi wa ardhi ulikuwa umekwisha kumwaga damu tangu 2006. Tulikaa katika kituo cha Mulanda, kisha tukahamishiwa Kiryandongo, ambako baadhi yetu tungali. Mengi yangeweza kusemwa leo, lakini kamati imetutuma tuzungumze juu ya imbalu.

Kwa wageni wasioijua, imbalu ni jando la Wagisu, na hufanyika kila mwaka wa shufwa. Hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale, na umati unaofika huko siku hizi ni wa kutisha: wanasiasa, watalii, wauza soda, wapiga picha. Ngoma yake ya kadodi sasa inapigwa hata harusini na katika kampeni za uchaguzi Kampala, kwa watu ambao hawatahiri kabisa. Ng'ambo ya mpaka, ndugu zao Wabukusu wa Bungoma nao hutahiri Agosti ya mwaka wa shufwa. Mwaka 2008 ulikuwa wa shufwa.

Jioni moja tulisikia ngoma, filimbi na njuga zikija barabarani. Ndugu zetu, hatukukimbia kwa kuwa hatupendi ngoma. Tulikimbia kwa sababu mara ya mwisho tulipoona vijana wengi wakija mbio huku wakiimba, nyumba zetu zilichomwa. Isitoshe, katika fujo zile wapo wanaume waliotahiriwa kwa nguvu, jambo ambalo tume ya Jaji Waki iliandika katika ripoti yake mwaka huohuo wa 2008. Akina mama waliwaingiza watoto chini ya turubai na kuwaziba midomo. Ndipo mzee mmoja wa hapa, Mpadhola, alipokuja na kiti chake, akakiweka mlangoni mwa hema la kwanza, akaketi. Akasema hao ni vijana wa Kigisu wanawatembelea wajomba, wanataka kuku na hela kidogo, watapita. Akaongeza kwamba Wapadhola hawatahiri, na wamekaa na Wagisu miaka yote. Alikaa pale hadi ngoma zikapotea. Kesho yake alirudi tena na kiti.

Lakini katika mahema yetu walikuwamo Wabukusu wenye wana waliofikia umri. Wazee wao walikesha wakibishana. Jando la Kibukusu linataka kwenu: linataka mto ambako kijana hupakwa tope alfajiri, mjomba wa kuchinja, na ua wa baba ambamo kijana husimama bila kupepesa jicho huku watu wakiimba Sioyaye. Sisi tulikuwa na turubai na mahindi ya msaada. Mjomba wa kijana mmoja alikuwa ameuawa mwezi Januari. Je, nani angemsimamia? Wengine walisema waende hospitali kimyakimya. Wazee wakajibu kwamba anayetahiriwa kitandani atachekwa maisha yake yote, na kwamba tumekwisha kunyang'anywa ardhi, sasa tunyang'anywe na hili?

Mwishowe walikubaliana nusu kwa nusu. Tope lilipakwa, nyimbo ziliimbwa kwa sauti ya chini ili wenzetu wasishtuke, na kazi ya kisu ikafanywa na mganga wa zahanati, kila kijana na wembe wake. Hilo la wembe tunalisisitiza, maana ukimwi umewafundisha hata ngariba wa mlimani. Mama mmoja wa Nabuyoga, ambaye hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, alileta kuku wa kuchinjwa mahali pa ng'ombe wa mjomba. Wapo waliosema jando lile halikuwa kamili. Yule aliyefiwa na mjomba alikataa kabisa. Alisubiri hadi Agosti 2010, akatahiriwa kwao.

Mwaka huo wa 2010, maporomoko ya tarehe 1 Machi yalifukia kijiji cha Nametsi, Bududa, na Serikali ikawaleta Wagisu wengi walionusurika kuishi Kiryandongo. Safari hii sisi ndio tuliokuwa wenyeji, na tulijua pa kuweka kiti.

Hatufichi kwamba sherehe hii ina uchungu wake. Pombe ni nyingi, watoto huacha shule wiki nyingi wakicheza ngoma, na baba maskini hukopa asichoweza kulipa. Kwa hiyo tunayo maombi kwa kamati za pande zote kabla ya mwaka wa shufwa ujao. Njia ya ngoma itangazwe siku mbili kabla, hasa panapokaa wageni waliokimbia vita. Asiburutwe mtu yeyote, wa kabila lolote. Na wembe usitumike mara mbili.

Kuhusu yule kuku, hatukusahau. Tumekuja na mbuzi, amefungwa nyuma ya jukwaa, na mwenyewe anajijua.