Choo Kikishajengwa, Kitunzwe
(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Singida)



Nilipanda ngazi kukagua choo chetu kimoja, nikakuta wavu wa juu ya bomba la hewa umechanika. Inzi wa shimoni hupanda bomba wakifuata mwanga, hukwama kwenye wavu na kufa. Wavu ukichanika, wanatoka hadi kwenye chakula, na kuhara kunarudi.

Kosa lilikuwa letu: bajeti ilikuwa na saruji, haikuwa na matengenezo.

Basi kagueni wavu kila robo mwaka. Mwagieni maji bombani kuondoa utando wa buibui. Takataka zisitupwe shimoni. Tundu lisifunikwe, ili hewa ipite.

Wafadhili wametusaidia kujenga. Wavu tununue wenyewe.