BEI YA MUHURI IJULIKANE

(Maneno ya Mweka Hazina siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzangu wameshaeleza tulivyoanza na sanduku la bati na kufuli tatu. Mimi nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kusema juu ya jambo linalotutoa jasho kila tukitafuta mkopo: gharama ya muhuri wa wakili.

Mnajua ilivyo. Jina kwenye kitambulisho cha Taifa likizidi herufi moja na la kwenye cheti cha kuzaliwa, unaambiwa, "Mama, kalete hati ya kiapo." Basi unapanda daladala hadi mjini, kwa wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo. Mwaka jana wanachama wetu wawili walikwenda asubuhi moja, shida yao moja, ofisi mbili tofauti. Mmoja alitozwa shilingi 10,000, mwingine 30,000. Risiti hakupewa hata mmoja. Huyu wa pili aliniambia, "Dada, nadhani aliangalia kitenge changu kipya." Tulicheka, lakini ile 20,000 ya ziada ilikuwa hisa zake za mwezi mzima.

Si kwamba serikali imelala. Mwaka 2015 ilitolewa Amri ya Malipo ya Mawakili, yenye viwango vya malipo kwa kazi zao mbalimbali. Lakini akina mama, kiwango kilichofungiwa kabatini kinamsaidia nani? Katika ofisi zote nilizoingia mimi sijaona bei imebandikwa ukutani. Hata muuza mchele huandika bei kwenye kipande cha boksi!

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi muhuri uwe wa bure, wala sisemi tukimbilie wa bei ya kutupwa. Tunayemlipa tunamlipia macho na masikio yake, wino ni kitu kidogo. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Maana yake uwe mbele yake, akuone, akusikie. Anayegonga mihuri rundo zima bila kuona mtu, hata akitoza shilingi 2,000 ni ghali.

Yupo mwenzetu hapa, ameniruhusu niseme bila kumtaja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Siku moja akaja mtu na karatasi za mkopo: ridhaa ipo, sahihi ipo, muhuri upo. Yeye hajawahi kukanyaga ofisi ile! Alikaa mwanamke mwingine kwenye kiti chake. Kuinusuru nyumba ilimchukua miezi mingi na nauli nyingi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, bei ibandikwe mlangoni, na risiti itolewe. Pili, anayegonga muhuri bila kumwona mwenye kiapo achukuliwe hatua.

Nasi tuna wajibu. Katika katiba yetu tumeandika faini ya kuchelewa na riba ya mkopo. Hapa mtu hapangiwi bei kwa sura yake. Desturi hiyo twende nayo mjini. Uliza bei kabla hujakaa. Dai risiti. Usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa ukaielewa. Na usiende peke yako. Kikundi kipo, nenda na mwenzako.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofika hapa. Tusikubali kibaba chetu kitobolewe chini huku sisi tunajaza juu.

Akina mama, oyee!