KUWAPO KWA MWILI NA KUWAPO KWA MOYO: Utulivu na Ushirika katika Maisha ya Mwanakwaya

(Mada iliyotolewa mbele ya kwaya za usharika na wageni wa Dayosisi, katika juma la Jubilei ya Miaka Mia Moja)



Namshukuru Mungu aliyetujalia kuufikia mwaka huu wa mia moja wa usharika wetu. Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za majengo, za shule, na za wazee wetu waliolipokea Neno katika mteremko huu wa Kilimanjaro. Mimi nimepewa kazi ya kusema na wanakwaya, na swali nililopewa ni hili: Mtu aliye mwimbaji, ambaye siku zake zote zimejaa, atawezaje kuwa na moyo uliotulia? Tena, atawezaje kubaki ameungana na Mungu wake, na wenzake, na nyumba yake? Swali hili sitalijibu kwa kuwaongezea ratiba. Ratiba mnazo za kutosha.

1. Juma la mwanakwaya

Na tulitazame juma moja la mwanakwaya wa kawaida. Jumatatu anaamkia kazini au kwenye migomba na kahawa yake. Jumanne jioni ana mazoezi, na Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa umetokea msiba, na kwaya imeombwa kuimba kwenye mkesha. Jumamosi ipo harusi, na bibi harusi ni binti wa mwanakwaya, kwa hiyo haiwezekani kukosa. Jumapili anaimba ibada ya kwanza na ibada ya pili, kisha kwaya inapanda gari kwenda kusaidia harambee ya mtaa jirani. Anarudi nyumbani usiku, watoto wamelala. Ukikaribia mwezi wa kurekodi au wa mashindano ya kwaya, mazoezi huwa ya kila siku, maana kuna wimbo wa lazima na wimbo wa hiari, na vyote viwili vinadai.

Haya yote ni kazi njema, na sina neno la kuilaumu. Lakini katibu wa kwaya anayo daftari ya mahudhurio, na ndani yake huweka alama mbele ya jina la kila aliyefika. Daftari hiyo hupima kuwapo kwa mwili, na kuwapo kwa moyo haiwezi kukupima. Mtu aweza kupata alama mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, na moyo wake usiwe umehudhuria wimbo mmoja. Aweza kuimba habari za amani kwa miaka ishirini, akafahamu kila nota ya sauti yake, naye mwenyewe hana amani hata ya dakika tano. Hilo ndilo jambo zito ninalotaka tulitafakari leo. Kwaya hupoteza waimbaji wengi kwa njia hii ya kimya kuliko kwa njia ya ugomvi.

2. Kinyozi wa Wittenberg

Baba yetu wa imani, Martin Luther, alikuwa na rafiki mmoja mjini Wittenberg aitwaye Peter, na kazi yake ilikuwa kinyozi. Peter alimwomba Luther amfundishe kusali. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kijitabu kidogo juu ya njia rahisi ya kuomba. Mwalimu yule mkubwa wa theolojia hakumpa kinyozi wake mafundisho magumu. Alimrudisha kwenye wembe wake. Alimkumbusha kwamba kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake yote kwenye wembe na nywele. Akianza kuzungumza mengi na kutazama kando, ataweza kumkata mteja pua, au hata koo. Ikiwa kazi ya kunyoa yataka moyo wote, asema Luther, je, si zaidi sana sala?

Ndugu zangu, hapo ndipo penye maana ya utulivu ninaouzungumzia. Siku hizi duniani wapo wengi wanaofundisha utulivu wa mawazo, na wengine huufanya kuwa biashara. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Utulivu ni kuwa na moyo mahali pale mkono ulipo. Mwenye jembe awe na jembe lake, mama anayemsikiliza mtoto amsikilize mtoto, na mwimbaji anayeimba aimbe. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 14, anataka kuimba kwa roho na kuimba kwa akili viende pamoja. Wahenga nao walituonya kwamba mshika mbili, moja humponyoka.

Luther alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wengi wetu, na katika kijitabu hicho hicho alikiri kwamba nyakati nyingine kazi ziliupoza moyo wake. Dawa yake ilikuwa kuchukua Zaburi, kwenda chumbani au kanisani, na kuzisemea nafsi yake Amri Kumi, Imani, na maneno machache ya Maandiko, kama watoto wafanyavyo. Alionya pia juu ya wazo lile linalotujia sote, la kuahirisha sala kwa saa moja ili kwanza tumalize hili na lile. Alijua kwamba hili na lile haviishi.

3. Pumzi na kimya

Sasa niwaambie wanakwaya jambo ambalo tayari mnalo mikononi. Katika nota za sol-fa, kimya huonyeshwa kwa nafasi iliyoachwa tupu. Nafasi hiyo haina herufi, lakini ina mapigo yake, nayo huhesabiwa kama sauti nyingine yoyote. Anayeingia kabla nafasi hiyo haijaisha ameuharibu wimbo. Mtunzi ameweka kimya kwa makusudi. Basi, Mungu aliyetunga siku zetu naye ameweka nafasi za namna hiyo, nasi tunaziimbia juu kwa sababu tunaziona tupu.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote hayadai saa ya ziada.

La kwanza ni pumzi kabla ya wimbo. Mwalimu anapoinua mkono, kila mwimbaji huvuta pumzi. Pumzi hiyo iwe sala. Itoshe kusema moyoni, “Bwana, nipo hapa.” Mazoezi yanapoanza, kwaya nzima ikae kimya dakika mbili, simu zikiwa zimezimwa, ili watu wafike. Mara nyingi mwili umeshafika mazoezini, na moyo bado uko sokoni au njiani.

La pili ni kuyasoma maneno ya wimbo kabla ya kujifunza nota zake. Mwalimu amwombe mmoja ayasome polepole kwa sauti. Kisha kila mmoja achague neno moja atakalokwenda nalo nyumbani, alitafakari akipika au akikata majani ya ng’ombe. Kwa njia hiyo wimbo utaanza kumfundisha mwimbaji kabla haujafundisha usharika.

La tatu ni kuianza na kuimaliza kazi kwa Mungu. Johann Sebastian Bach alifika Leipzig mwaka 1723, akatumika huko hadi alipofariki mwaka 1750. Huo ndio mji ambao jina lake tunalijua vema, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Bach alikuwa na wanafunzi wa kufundisha, makanisa ya kuhudumia, na nyumba yenye watoto wengi. Katika miaka yake ya kwanza huko alitunga muziki mpya karibu kila Jumapili. Hata hivyo, mara nyingi juu ya karatasi yake aliandika herufi mbili za kumwomba Yesu msaada, na mwishoni herufi tatu za kusema kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Kuandika herufi hizo kulimchukua nukta chache tu, lakini ndani yake mna kusimama, kukumbuka, na kuachilia. Mwanakwaya naye anaweza kuziandika herufi zake, hata kama ni kwa kalamu ya risasi pembeni mwa daftari la nyimbo.

4. Kuungana na wenzako na nyumba yako

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden walitoa matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya watu wanaoimba pamoja. Waliona kwamba kuimba huongoza kupumua, na kwa sababu hiyo mioyo ya waimbaji huenda mbio na kutulia kwa pamoja. Tangu zamani tumesema kwamba kwaya ina moyo mmoja, na sasa vyombo vya kupimia vimelisogelea neno hilo. Lakini mioyo inayopiga pamoja wakati wa wimbo yaweza kuwa haijuani kabisa wimbo ukiisha.

Nitatoa mfano, bila kutaja mahali. Katika usharika mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne hakuonekana mazoezini kwa majuma sita. Kwaya ile ilikuwa na kundi la WhatsApp lenye ujumbe mwingi kila siku: ratiba, michango ya sare, picha za harusi, vichekesho. Jina la ndugu yule lilikuwamo katika kundi, kwa hiyo kila mmoja alidhani yupo. Kumbe alikuwa amefiwa na kazi yake imekwisha, naye aliona haya kuja kwa kuwa hakuwa na mchango wa sare. Aliyegundua hakuwa mwanakwaya. Alikuwa jirani yake, mama mzee aliyeona jikoni hakufuki moshi.

Simu ni chombo chema. Kwayo mwalimu hutuma sauti ya wimbo mpya, na mwanakwaya aliyehamia mjini huendelea kujifunza. Lakini simu hueneza habari, na habari peke yake haijawa ushirika. Naomba kila sauti ijigawe watu watatu watatu, na kila watatu wawe na wajibu wa kujua hali ya mwenzao. Akikosa mara mbili, mmoja aende nyumbani kwake kwa miguu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kilichoachwa peke yake huzimika, hata kama kilikuwa kikubwa.

Na nyumba zenu, wapendwa. Mume au mke asiyeimba asiione kwaya kama mwizi wa mwenzi wake. Chagueni jioni moja kila juma ambayo kwaya haitaigusa. Mtoto anayemwona mama yake akiimba mbele ya watu mia tano angependa pia aimbiwe yeye peke yake.

5. Neno kwa wazee wa Kanisa

Ingekuwa dhuluma kuwaambia wanakwaya watulie, huku sisi viongozi tukiendelea kuwakimbiza. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinatuhesabia waimbaji wa hekaluni: 288. Hao waligawanywa katika zamu 24, kila zamu watu 12, na kura zikapigwa kwa mdogo na mkubwa, kwa mwalimu na mwanafunzi sawasawa. Mfalme Daudi alipenda nyimbo kuliko mfalme mwingine yeyote, naye ndiye aliyeweka zamu.

Wazee wetu wa mlimani walilijua jambo hili kwa mifereji yao. Maji ya mfereji hayakufunguliwa kwa mashamba yote kwa wakati mmoja. Kila kihamba kilikuwa na zamu yake, na wote walitoka pamoja kuusafisha mfereji. Kama maji yana zamu, mbona sauti za watu hazina?

Tena tusome Nehemia sura ya 13. Nehemia aliporudi Yerusalemu aliwakuta Walawi na waimbaji wamekimbia, kila mtu shambani kwake, kwa kuwa hawakupewa sehemu zao. Hakuwakemea waimbaji. Aliwakemea wakuu, kisha akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Tunapoona viti vya kwaya vimepungua, tujiulize kwanza swali la Nehemia.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Wazee lifikirie mambo mawili katika mwaka huu wa Jubilei. Kwaya zetu ziimbe kwa zamu, ili kila moja ipate walau Jumapili moja kwa mwezi ya kuketi na kusikiliza Neno pamoja na familia zao. Pia, mwanakwaya asiyekuwa na uwezo wa sare asiachwe nje kwa ajili ya kitambaa. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya 6, alipoona wanafunzi wake hawapati hata nafasi ya kula, aliwaita wakae kando wapumzike kidogo. Mitume walipewa mapumziko na Bwana wao. Wanakwaya wasinyimwe na wazee wao.

6. Mwisho

Siku ya kuweka wakfu hekalu la Sulemani, kama tusomavyo katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 5, walikuwapo makuhani 120 wenye tarumbeta, pamoja na waimbaji wa Asafu, Hemani na Yeduthuni. Sauti zao zilipokuwa kama sauti moja, utukufu wa Bwana uliijaza nyumba, hata makuhani wakashindwa kuendelea na kazi. Pembeni mwa habari hiyo, katika Biblia yake mwenyewe, Bach aliandika kwa mkono maneno ya kushuhudia kwamba Mungu yupo kwa neema yake mahali penye muziki wa ibada. Mungu hakosi kufika. Yatupasa nasi tufike.

Miaka mia moja imepita tangu watu wa hapa walipoanza kumwimbia Bwana, na wengi wao majina yao hayamo katika kitabu hiki. Sauti zao tumezirithi. Wanaoanza miaka mia mingine ni ninyi. Nawaombea waje wapokee kutoka kwenu nyimbo, na pamoja na nyimbo hizo wapokee watu waliotulia mbele za Mungu, wanaojuana kwa majina, na ambao nyumba zao zinafurahi kuwaona wakirudi.

Mungu awabariki. Amina.